Msimu Mbovu Matema: Kwa Mnaoanza Kushika Baa za Ufukweni

Kila mwaka sikukuu zikishapita, ufukwe wa Matema, kwenye Ziwa Nyasa wilayani Kyela, unapoa. Magari ya Mbeya yanapungua, mvua ya Kyela inashika kasi, na vijana waliokabidhiwa kaunta mwezi wa kumi na mbili, wakati hata bia ya moto ilikuwa inanunulika, wanaanza kuhangaika. Makosa ni yale yale. Huyu anakodi spika kubwa zaidi, yule anapandisha bei ya samaki, mwingine anamwachisha mpishi. Na wote wanafungua siku saba kwa wiki kwa hoja kwamba mteja anaweza kutokea. Wadogo zangu, inauma kuwatazama, kwa sababu wengi wenu mna bidii ya kweli, na bidii hiyo mnaimwaga kwenye usiku usio na watu.

1. Ujue usiku wako unagharimu chupa ngapi

Hapa nitakaa kwa muda mrefu, kwa kuwa hapa ndipo baa nyingi za ufukweni zinapofia.

Chukua Jumanne moja ya mwezi wa tatu. Umeme umekatika, jambo la kawaida masika. Jenereta la petroli la kVA 5, likiwa limebeba mzigo wa kati (friza, friji ya vioo, taa na muziki), hunywa kama lita moja na nusu kwa saa. Kuanzia saa 12 jioni hadi saa 6 usiku ni lita 9. Tuseme petroli umeinunua shilingi 3,000 kwa lita, na bia moja inakuachia faida ya shilingi 500. Lita 9 ni shilingi 27,000, yaani chupa 54 kabla hujamlipa mtu yeyote. Dijei anataka 30,000: chupa 60. Mlinzi na mkaa, tuseme 10,000: chupa 20. Jumla ni chupa 134. Mteja wa kawaida akinywa tatu, unahitaji watu 45, ambao ni zaidi ya meza 11 za watu wanne wanne.

Jumanne hiyo umepata meza tatu. Watu 12, chupa 36, faida shilingi 18,000. Umepoteza 49,000. Rudia usiku wa namna hiyo mara tatu kwa wiki kwa wiki nne, na shilingi 588,000 zimeondoka. Faida ya jikoni nimeiacha nje kwa makusudi, maana usiku wa meza tatu jiko nalo linamwaga chakula.

Kinachomponza mgeni wa kazi hii ni kwamba hasara hiyo haionekani siku yenyewe. Asubuhi anafungua droo anakuta 90,000 za mauzo, anafurahi, ananunulia mzigo mwingine. Hela aliyoishika ni ya mtaji uliogeuka noti. Dijei na petroli vimelipwa kutoka kwenye mauzo ya Jumamosi iliyopita, lakini kwa kuwa kila kitu kinatoka droo moja, hajui. Anakuja kugundua wiki ya Pasaka, msambazaji anaposimama na gari mlangoni na yeye ana uwezo wa nusu ya mzigo anaouhitaji. Hapo anaanza kusema utalii umekufa.

Dawa yake ni daftari. Kila usiku andika meza zilizokaliwa saa 2, saa 3, saa 4 na saa 5. Andika chupa zilizotoka, sahani zilizotoka, lita za petroli, na fedha taslimu tofauti na ya simu. Fanya hivyo wiki nne bila kuruka hata siku ya mvua kubwa, kwa sababu siku hiyo ndiyo inayokufundisha. Ukishapata wiki nne, usiku usiofika gharama yake unaufunga. Kwa Matema, mara nyingi utabakiwa na Ijumaa na Jumamosi kamili. Jumapili wageni wa Mbeya wanakula mchana na kuondoka mapema, kwa sababu hakuna anayependa kupandisha Tukuyu gizani kwenye ukungu.

Kufunga usiku si kufunga jiko. Siku za kati pokea oda za chakula cha jioni kutoka nyumba za wageni, mwisho saa 10 jioni. Pika idadi uliyoandikiwa. Taa za sola, kispika kidogo cha betri, moto wa kuni mchangani, na saa 4 mmefunga. Usiku kama huo unaweza kulipa hata kwa meza mbili.

2. Ijumaa ni ya njaa, Jumamosi ni ya muziki

Mtumishi wa Mbeya anatoka kazini saa 10, anapita Uyole, Tukuyu, anashuka Kyela na Ipinda, anafika kwako saa 2 au saa 3 usiku. Ana njaa, watoto wamelala kwenye siti. Baa ikimwambia jiko limefungwa anakula biskuti chumbani, na kesho yake anatafuta sehemu nyingine. Mkaa uwashwe saa 1, wali uwe tayari, supu iwe motoni. Mwombe apige simu akifika Tukuyu, na akipiga ndipo samaki anaingia kwenye viungo. Dijei wa Ijumaa ni hela ya bure kwa dijei. Mlete Jumamosi.

3. Mgeni wa nje si wa disko

Wanaovuka mpaka wa Malawi pale Kasumulu na magari ya kupiga kambi wanataka bia mbili baridi jua linapozama, samaki, na usingizi. Ukiwapigia muziki hadi saa 7 usiku, asubuhi wanahama. Tena kumbukeni mwaka 2020: watalii wa kimataifa walioingia Tanzania walikuwa 620,867, kutoka 1,527,230 mwaka 2019. Hapa ndani watu waliendelea kusafiri, kwa kuwa nchi haikufunga mizunguko ya wananchi. Mkulima wa kakao aliyelipwa baada ya mnada, mwalimu wa Rungwe, mahafali ya vyuo vya Mbeya, kikundi cha akina mama cha kufa na kuzikana kilichoamua kutoka pamoja: hao wanastahili meza nzuri na jina lao kukumbukwa. Mkulima huyo usimweke nyuma ya nguzo kwa sababu ya viatu vyake.

4. Baridi ya bia

Bia ikae kati ya nyuzi 3 na 5. Ingiza mzigo asubuhi, maana friji iliyojazwa bia ya moto saa 11 jioni haitakupa bia baridi usiku ule. Ukikwama, ndoo ya maji na barafu nyingi, chumvi ya jikoni konzi mbili, chupa zizame hadi shingoni: dakika 20 zinatosha. Friza usiifanyie mzaha. Ikiwa imejaa na mfuniko haujafunguliwa hushika ubaridi hadi siku mbili, na ikiwa nusu ni kama siku moja. Basi jaza nafasi tupu kwa chupa za plastiki za maji ya chumvi, ukiacha nafasi juu maana barafu hutanuka. Umeme ukikatika mchana huna haja ya kukimbilia jenereta.

Na jenereta lenyewe: liwashe likiwa tupu, liache dakika tatu, ingiza friza, subiri litulie, ingiza friji, muziki mwisho. Kompresa ikianza huvuta umeme mara kadhaa ya ule wa kawaida. Ukiziwasha zote kwa pamoja, umeme unashuka na amplifaya ndiyo inayoungua. Kuzima ni kinyume chake: toa mzigo kwanza.

5. Samaki

Mnunue mwaloni asubuhi, kwa macho yako. Jicho liwe angavu na limetokeza, matamvua mekundu, ukibonyeza mgongoni nyama irudi. Kwa joto la Kyela, kilo moja ya samaki inataka kilo moja ya barafu, tena awe ameshatolewa matumbo. Aliyeganda ayeyukie ndani ya friji usiku kucha, na akishayeyuka harudi kwenye friza. Mbasa, samaki anayesifika wa ziwa hili, akigandishwa mara mbili humeguka kwenye wavu, nyama inakuwa kama pamba, na mteja wa Mbeya anajua. Huyo ndiye aliyekuja kwa ajili ya mbasa. Sokoni Mwanjelwa, kule kule Mbeya, samaki wa friza wapo, hana sababu ya kusafiri saa tatu kuwafuata.

Mwezi wa sita hadi wa nane upepo wa kusini ukivuma ziwa linachafuka, mitumbwi haitoki, bei inapanda. Usipandishe bei ya sahani kimyakimya. Andika ubaoni "samaki leo hakuna" na uwe na kuku, kitimoto na ndizi za Rungwe zilizochomwa vizuri. Msimu mbovu vyakula vinne vinatosha. Wali: kilo moja ya mchele hutoa sahani nane. Pima kwa kilo, acha kukadiria kwa sufuria.

6. Taa na kungu

Kungu, wale wadudu wadogo wa ziwani, wakiinuka kama moshi, taa nyeupe juu ya meza itawaleta wote kwenye sahani. Tumia taa za njano, chini, zenye kofia. Weka taa moja nyeupe kali mita 20 pembeni, upande wa ziwa, waende huko. Funika sufuria.

7. Watu wako

Mpishi asiondoke. Punguzeni siku kwa zamu mkiwa mmekaa mezani na kila mtu amesikia hesabu, na mshahara wa siku zilizobaki ulipwe kwa tarehe. Baa iliyompoteza mpishi mwezi wa pili haimpati Pasaka. Kuhusu shoti, yaani mzigo au hela iliyopungua: hesabu mzigo wakati wa kufungua na wakati wa kubadilisha zamu, mhudumu akiwepo na akisaini. Kumkata dada wa watu mshahara kwa shoti ambayo hakuna aliyeihesabu ni dhuluma, na ni wengi mnaifanya. Chupa tupu zihesabiwe usiku ule ule, ni fedha.

8. Maji usiku

Hakuna kuogelea baada ya giza, na aliyekunywa haogelei hata mchana. Weka mlinzi upande wa maji, si getini peke yake, awe na tochi, kamba ndefu na boya. Mkimwona mgeni anaelekea midomo ya mito mrudisheni, kuna mamba. Hili halina mjadala hata kama mteja ndiye aliyenunua kreti tatu.

9. Karatasi

Leseni ya vileo na saa zake, kibali cha kupiga muziki wenye hakimiliki, risiti ya mashine ya kodi (EFD). Na kabla hujamwaga zege la kaunta mpya karibu na maji, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Spika zielekeze ndani na chini, mbili ndogo karibu na wachezaji. Sauti iliyoelekezwa majini husafiri mbali, na kijiji kina wagonjwa na watoto wa shule.

10. Pasaka

Pasaka huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25, yaani katikati ya mvua kubwa ya Kyela. Mtapata watu wengi na maji mengi siku moja. Kwa hiyo wiki mbili kabla panda juu ya paa mvua ikinyesha, uone linapovuja. Chimba mfereji wa kupitisha maji nyuma ya jiko. Mkaa uwe umeinuliwa juu ya mbao na umefunikwa turubai. Petroli ya usiku tatu iwepo, imefungwa vizuri, mbali na jiko. Mzigo uingie kabla ya Alhamisi Kuu, kwa sababu barabara ikiharibika Ijumaa hakuna gari la bia litakalofika.