Bordeaux ya 2016 inakausha mdomo: usiimwage

Mkuu umeuliza kama zile chupa mbili za Bordeaux ya 2016, mvinyo mwekundu wa Ufaransa, ulizoletewa zimeharibika, maana ulifungua moja ikakukausha mdomo mpaka ulimi ukawa mzito. Haijaharibika ndugu yangu. Huo ni ukakasi, ndo ule ule wa zambarau ambayo haijaiva vizuri, unatoka kwenye maganda na kokwa za zabibu na wenyewe wanauita tanini. Mvinyo mwekundu wa huku usipokuwa nao ukiwa mchanga, kuzeeka vizuri ni shida.

Mimi nahudumia mezani kwenye mgahawa hapa Bordeaux tangu 2009. Bosi wangu alikuwa na katoni ya Saint-Julien ya 2005 (mvinyo wa kijiji kimoja cha huku Bordeaux), chupa 12, akawa anafungua moja moja kila baada ya miaka kadhaa na sisi wahudumu tunaonja naye. Tuliyofungua 2010 ilikuwa nyeusi tii mpaka ukingoni, matunda yamejaa puani ila ukakasi mkali. Tuliyofungua 2013 ndo ilinivunja moyo, harufu hamna, matunda hamna, umebaki ukakasi mtupu, nikamwambia bosi huu umekufa akasema umelala tu, subiri. 2019 tukafungua nyingine, jamani! Ukakasi unausikia kwenye fizi kidogo halafu unaondoka wenyewe, na harufu zimegeuka kabisa, tumbaku kavu, ngozi, mbao ya mwerezi, nilisimama jikoni na kile kiglasi nanusa tu sitaki kiishe.

Kinachotokea humo ndani ni kwamba tanini na rangi zinashikana taratibu, zikishakuwa nzito zinazama, ndo yale mashapo unayoyakuta chini ya chupa kuukuu. Kwa hiyo hata rangi inakupa umri: inamisha glasi juu ya kitambaa cheupe uangalie ukingoni, mchanga ni wa zambarau, mzee unaelekea rangi ya tofali. Ukikuta kahawia tupu na harufu ya siki, hapo umechelewa.

Chupa yenye mashapo isimamishe siku nzima kabla, halafu mimina polepole kwenye jagi tochi ya simu ikiwa nyuma ya shingo ya chupa (bosi anatumia mshumaa), ukiona uzi mweusi unaanza kupanda shingoni acha hapo hapo. Na chupa moja ya ile katoni ilinuka boksi lililolowa mvua, hiyo ni kasoro ya kizibo, haihusiani na umri wala usiuhukumu mvinyo wenyewe kwa hilo.

Sasa ya kwako ya pili umesema iko juu ya friji, hapo Dar. Itoe leo! Huku zinakaa kwenye nyuzi 12 au 13 hivi, gizani, zimelazwa ili kizibo kisikauke, joto la huko linaipika tu na si kuikomaza. Kama huna pa baridi pa kudumu usijidanganye kuitunza miaka kumi, ilaze ndani ya friji uinywe mwaka huu. Itoe mchana, imimine kwenye jagi masaa mawili hivi kabla ya kula, na mezani iwepo mbuzi choma yenye mafuta mafuta, onja kabla ya nyama halafu onja tena baada ya tonge la pili, utaona ule ukakasi unavyopungua.