Anza na ripoti ya eko
Uliyeuliza usome nini baada ya mtoto kukutwa na tundu kwenye moyo: kwanza omba nakala ya ripoti ya eko, yaani kipimo cha kupiga picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Angalia tundu liko wapi na lina milimita ngapi, ndipo utafute maelezo ya aina hiyo hiyo. Tundu dogo kwenye msuli unaotenga vyumba vya chini mara nyingi hujiziba lenyewe. Mengine hayajizibi kamwe. Ukisoma kijumla utaogopa bure, au utatulia bure, na hilo la pili ndilo baya zaidi.

Katika maelezo utakayopata, sehemu ya kunyonyesha isome mara mbili. Mtoto akitoka jasho kichwani akinyonya, akichoka kabla ya kushiba, au uzito usipopanda, usingoje tarehe ya kliniki. Midomo ikigeuka bluu, hospitali saa hiyo hiyo.