Maswali kwa Mwalimu wa Sinema: Mbona Roboti Anatuhutubia?

Barua za safari hii zimeangukia mahali pamoja. Wasomaji wamechoka kuhubiriwa na viumbe wa sayari nyingine. Nimechagua nne, na ya kwanza imenichukua nafasi kubwa kwa sababu imenigusa penyewe.

*Shikamoo Mwalimu. Napenda filamu za kisayansi zenye eksheni, lakini siku hizi najiona kama nimekaa kwenye mkutano wa hadhara. Matajiri wanaishi angani, maskini wamebaki chini kwenye vumbi, halafu steringi anasimama katikati ya risasi kunieleza kwamba dhuluma ni mbaya. Naijua! Ni mimi nimezeeka au ni waandishi wamekuwa wavivu? – Mtazamaji aliyechoka*

Marahaba. Hujazeeka. Ila kuna jambo nakukatalia: kosa si kwamba fumbo, yaani ujumbe uliovikwa hadithi, liko wazi. Filamu ninazozipenda zaidi za aina hii hazifichi kitu, na mabomu nayapenda kama wewe. Kosa liko mahali ujumbe ulipowekwa. Ukiwekwa kwenye kanuni za ulimwengu wa hadithi, utaumeza hata usijue umekula nini. Ukiwekwa mdomoni mwa steringi, unakwama kooni.

Chukua In Time ya Andrew Niccol, ya mwaka 2011. Humo pesa ni muda. Mtu akifika miaka 25 anaacha kuzeeka, anapewa mwaka mmoja tu, na tarakimu za kijani mkononi mwake zinaanza kurudi nyuma. Mshahara analipwa kwa saa, kahawa ananunua kwa dakika, na zikifika sifuri anadondoka hapohapo. Sasa mama wa steringi anataka kupanda basi akakutane na mwanawe. Muda aliobaki nao unamtosha, maana anajua nauli ni saa moja. Dereva anamwambia imepanda, ni saa mbili. Anabembeleza, anaeleza kuwa mwanawe atalipa wakifika, dereva hataki. Basi linaondoka, mama anaanza kukimbia usiku, na mwanawe naye anamkimbilia kutoka upande wa pili. Wanafikiana. Amechelewa kwa sekunde.

Hapo nani amehutubia? Hakuna. Nauli imepanda, mtu amekufa. Aliyewahi kuhesabu sarafu mfukoni kituoni hahitaji maelezo ya ziada. Lakini filamu hiyohiyo haijiamini. Baadaye wahusika wanaanza kuambizana kwamba ili wachache waishi milele ni lazima wengi wafe, na wanalirudia, kana kwamba sote tulikuwa tumesinzia wakati wa lile basi. Mwishowe steringi na mpenzi wake wanakuwa wezi wa benki. Ulimwengu mzima uliojengwa juu ya kanuni moja ya kikatili unamalizwa kwa bastola mbili.

Huo ndio ugonjwa wenyewe. Filamu inaanza kwa kutuambia kwamba adui ni mfumo, kisha inakumbuka kuwa ni filamu ya eksheni, na mfumo haupigiki ngumi. Kwa hiyo anatafutwa mtu mmoja wa kupigwa badala yake. Elysium ya Neill Blomkamp, ya 2013, ina kituo cha matajiri angani chenye mashine za kutibu kila maradhi, na dunia nzima imefungiwa nje. Swali zito hilo. Jibu lake? Kompyuta inawashwa upya, wakazi wote wa dunia wanasomeka kuwa raia, na vyombo vya tiba vinaruka kwenda kuwahudumia. Kama ubaguzi ungekuwa hitilafu ya programu, tungeshaitengeneza.

Linganisha na RoboCop ya Paul Verhoeven, ya 1987, filamu isiyojua kunong'ona. Kampuni binafsi imepewa mkataba wa kuliendesha jeshi la polisi la Detroit. Mbele ya wakubwa wa kampuni linaletwa roboti jipya la ulinzi kwa majaribio, na kijana mmoja wa ofisini anaambiwa alielekezee bastola. Roboti linamwamuru aitupe. Anaitupa. Roboti halijaona, linaendelea kuhesabu, kisha linammiminia risasi. Mwenyekiti anasema amesikitishwa, na kabla damu haijakauka mfanyakazi mwingine ameshaanza kuunadi mradi wake mwenyewe. Hayo yanapita kwa dakika chache tu, na umeshaielewa kampuni nzima.

Ila ninachotaka ukitazame ni mwisho. RoboCop mwenyewe, polisi aliyeuawa na kugeuzwa nusu mashine, ana maagizo matatu ya wazi ya kulinda raia na sheria, na la nne la siri: hawezi kumkamata kigogo yeyote wa kampuni. Akijaribu, mwili unakwama. Anapomfikia mhalifu mkuu mbele ya bodi, hawezi kitu, na ushahidi wote anao mkononi. Inabidi mwenyekiti atamke kwamba yule jamaa amefukuzwa kazi. Hapo tu kufuli linafunguka na risasi inatoka. Watazamaji wanashangilia, na wana haki. Ila angalia kilichotokea: polisi ametenda haki baada ya mwenye mali kumruhusu. Kampuni ipo, agizo la nne lipo, mwenyekiti amebaki kwenye kiti chake. Filamu imekupa eksheni yako bila kudanganya kwamba tatizo limekwisha.

Hotuba nazo sizikatai zote. Katika Snowpiercer ya Bong Joon-ho, ya 2013, masalia ya binadamu wanaishi ndani ya treni moja, walalahoi mabehewa ya nyuma, mabwana mbele. Waziri anakuja nyuma, anaamuru kiatu kiwekwe kichwani mwa mtu, kisha anawaeleza watu kwamba kiatu hakivaliwi kichwani na kila mmoja ana mahali pake. Ni hotuba ndefu, haina kificho hata kidogo, na inachekesha na kutisha kwa pamoja. Inafanya kazi kwa sababu anayehutubia ni mwenye nguvu, na anatumia hotuba kama silaha. Steringi akihutubia, ni mwandishi anayeniomba nikubaliane naye.

*Mwandishi, salaam. Zamani filamu za kisayansi zilikuwa burudani tupu, mazimwi na vyombo vya anga, basi. Siasa nani alizileta? – Rudisheni burudani*

Salaam nawe. Zimwi gani ulikuwa unalitazama? Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni katika visiwa vya Bikini, Bahari ya Pasifiki. Majivu yake yaliiangukia mashua ya wavuvi wa Japani waliokuwa 23, na mmoja wao alifariki Septemba mwaka huohuo. Godzilla ya Ishirō Honda ilitoka Novemba 1954, na inaanza na mabaharia wanaopigwa na mwanga mkali kutoka baharini. Mtazamaji wa Tokyo hakuhitaji kufumbuliwa. Ndani yake kuna mwanamke kwenye treni anayetaja kwamba aliokoka bomu la Nagasaki. Kuna mwanasayansi aliyegundua silaha ya kuliua zimwi, na anachoma karatasi zake zote na kufa nayo chini ya bahari ili asiwepo wa kumlazimisha aitengeneze tena.

Mwaka 1956 ikatolewa kwa watazamaji wa Marekani ikiwa imekatwa na kuunganishwa upya, amepachikwa mwandishi wa habari Mmarekani, na yule mwanamke wa Nagasaki hayumo. Pengine hiyo ndiyo burudani tupu unayoikumbuka. Ilikuwa na siasa; mtu alikaa na mkasi akaitoa.

Na kabla ya hapo kulikuwa na Metropolis ya Fritz Lang, ya 1927: matajiri juu, wafanyakazi chini ya ardhi, na mwisho bwana na msimamizi wa wafanyakazi wanashikana mikono. Lang mwenyewe baadaye aliuponda mwisho huo. Hata sisi wasomaji wa Kiswahili tuna nchi yetu inayoelea angani tangu 1951, Kusadikika ya Shaaban Robert, ambako mtu anashtakiwa kwa kutaka kufundisha elimu ya sheria. Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni alipoiandika. Angeyaweka wapi maneno hayo kama si hewani?

*Shikamoo Mwalimu. Nilitazama District 9 na wenzangu. Mmoja alisema ni filamu bora dhidi ya ubaguzi, mwingine alisema ni ya kibaguzi. Tukagombana. Tuamulie. – Tuliogombana*

Marahaba. Wote wawili wameona sawa, na ndiyo maana filamu hiyo hunikera na kunivutia kwa pamoja. Blomkamp aliitoa 2009. Jina lenyewe linarudisha kumbukumbu za District Six ya Cape Town, iliyotangazwa eneo la Wazungu mwaka 1966 na watu zaidi ya 60,000 wakahamishwa. Viumbe wa sayari nyingine wamesongamana kwenye vibanda Johannesburg, na karani anapita mlango kwa mlango na karatasi za kuwahamisha wazisaini, ili ufukuzaji uonekane wa kisheria. Karani si jitu katili. Ni mtu mchangamfu anayefurahia kupandishwa cheo, na kwangu yeye ndiye uvumbuzi mkubwa wa filamu ile.

Halafu wanaingia Wanaijeria. Katika filamu inayotuomba tusimhukumu kiumbe kwa sura yake, wao ni genge la majambazi, wauza silaha na walaji wa nyama ya viumbe hao wakitafuta nguvu za kichawi, na mkuu wao anaitwa Obesandjo, karibu sawa na jina la rais wa zamani Obasanjo. Waziri wa habari wa Nijeria wakati huo, Dora Akunyili, alitaka kumbi za sinema ziache kuionyesha na akadai kuombwa radhi. Siungi mkono kufungia filamu, lakini hasira yake naielewa. Mwaka 2008, mwaka mmoja kabla filamu haijatoka, wageni kutoka nchi nyingine za Afrika walishambuliwa Afrika Kusini na watu zaidi ya 60 waliuawa. Mgeni halisi alikuwepo palepale mtaani. Filamu ikamhurumia yule wa kubuni mwenye antena, na huyu ikamgeuza jambazi.

Kwa hiyo rafiki yako wa kwanza ameliona fumbo, wa pili amewaona watu waliosimama pembeni ya fumbo. Mimi niko upande wa yule wa pili, kwa tofauti ndogo tu.

*Mwalimu, mwanangu wa miaka 17 anaishangilia Starship Troopers, anasema imempa hamu ya kwenda jeshini. Nimesoma mahali kwamba ni kejeli. Mbona yeye haioni? – Mzazi*

Si yeye peke yake, mzazi mwenzangu. Ni filamu ya vijana wanaojiunga na jeshi kupigana na wadudu wakubwa wa sayari nyingine. Ilipotoka 1997 wapo wahakiki waliobobea walioituhumu kutetea ufashisti. Verhoeven yuleyule wa RoboCop alizaliwa 1938 na utoto wake ulipita Uholanzi ikiwa chini ya Wanazi, kwa hiyo sare, bendera na matangazo ya kuandikisha askari alivitengeneza akijua anachofanya. Ila safari hii hakumweka mhusika hata mmoja wa kukonyeza jicho. Vijana ni warembo, wadudu ni wa kuchukiza, vita vinapendeza.

Usimhubirie. Itazameni pamoja hadi karibu na mwisho, pale afisa mwenye koti refu jeusi anapomgusa mdudu mkubwa aliyetekwa na kutangaza kwamba anaogopa, na kundi zima la askari linalipuka kwa shangwe. Simamisha hapo, umuulize wanashangilia nini. Akijibu, niandikie; ningependa kujua alisema nini.