Dada wa Sakina, hiyo kadi usiiache nyumbani

Umeuliza hospitali ipi ya nafuu Arusha, achana nayo kwanza. Umeandika mtoto ana miezi 5, kifua leo siku ya nne, we mwenyewe uko kwenye dawa za VVU pale CTC, kliniki ya VVU, halafu unasema kadi ya kliniki inayoonyesha hali yako utaiacha kisa mnaenda na mama mkwe. Nimesoma hapo mikono ikatetemeka.

Mi niliiacha. Hapahapa Moshi, nikaiviringisha kwenye kitenge nikaisukuma chini ya godoro, mapokezi nikasema imepotea. Wifi yangu ndo alinijaza, ati ukitaja VVU mtoto wanamtenga, na ile septrini, dawa ya kumkinga, aliyoanzishwa ana wiki 6 akasema unamlisha mtoto madawa ya nini wakati haumwi, nikaacha kumpa. Mpaka leo nikimuona moyo unachemka.

Tukaanzia duka la dawa, yule kijana akanipa sirapu ya kikohozi na amoksi nusu dozi bila hata kumpandisha mtoto shati aone mbavu, siku 3 zikaondoka. Hospitali ya binafsi wakataka dipoziti laki 2 ndo tupate kitanda. Daktari angejuaje? Akatibu nimonia ya kawaida, sindano za ampisilini na jenta, siku ya tatu mtoto yuko vilevile, midomo imekuwa ya bluu, wakahamia seftriaksoni, eksirei, oksijeni inayohesabiwa kwa siku, mume wangu akauza pikipiki tuliyokuwa tunakulia, tumefika laki 8 na ushee na mtoto hanyonyi.

Usiku wa nne nesi mmoja mama mtu mzima akanivuta mpaka kwenye sinki, akafungua bomba maji yamwagike ili wengine wasisikie, akaniuliza, "Mwanangu, kliniki walikupima?" Nililia pale pale. Asubuhi wakamwanzishia septrini dozi kubwa, kumbe kuna nimonia inawakamata hasa watoto wenye VVU wakiwa na miezi 3 mpaka 6 hivi, na zile sindano zote za bei haziigusi. Septrini jamani! Kidonge wanachotoa bure CTC, kile kile nilichoambiwa niache. Mtoto alipimwa VVU tena akakutwa navyo, akaanza dawa za VVU, na hizo nazo hatujawahi kulipia hata mia.

Ndo maana nakwambia bili yako iko kwenye hiyo kadi, sio kwenye jina la hospitali. Nenda ya serikali, chini ya miaka 5 matibabu ni bure, wanachokosa ndo utaandikiwa ukanunue nje, na daktari wa kwanza kukuona mwonyeshe kadi umwambie habari ya VVU hapo hapo kabla hajashika kalamu. Mama mkwe mwambie akae benchi alinde begi.

Na sasa hivi kabla hujanijibu mvue shati, akiwa ametulia halii, hesabu pumzi dakika 1 nzima kwa saa ya simu. Kwa umri wake zikifika 50 hiyo ni nimonia, na ukiona chini ya mbavu panabonyea akivuta pumzi, au amegoma kunyonya, usingoje kupambazuke, chukua bajaji uende.

Wangu ana miaka 4 sasa, Pasua nzima wananiita Mama Kadi maana kila mtoto anayekohoa namuuliza mamake kadi iko wapi, waniite tu. Yako iko wapi? Itie kwenye pochi sasa hivi ndo uje unijibu.