Niache kazi au nivumilie?

Ndugu, umesema una miaka 3 kwenye kampuni kubwa ya teknolojia, mshahara mnono, lakini kila Jumapili jioni moyo unakuwa mzito ukiikumbuka Jumatatu. Pole sana, nimeyapitia. Nilikuwa nafungua kompyuta asubuhi nakuta vikao sita vimepangwa, na marekebisho madogo niliyoandika wiki iliyopita bado yanasubiri idhini ya watu wanne.

Jiulize kwanza: umemchoka bosi, au umeichoka kazi yenyewe? Kama ni bosi, omba kuhamia timu nyingine. Ukubwa wa kampuni una faida hiyo. Mimi nilihama, nikapumua miezi minane, kisha uchovu ukarudi vilevile. Hapo nikajua nimeichoka kazi yenyewe.

Halafu soma mkataba wa hisa zako, zile unazopewa na kampuni kama sehemu ya malipo. Kampuni nyingi huzitoa kwa awamu, mara nyingi ndani ya miaka 4, na ukiondoka, zile ambazo muda wake haujafika kwa kawaida unazipoteza. Kuondoka wiki mbili kabla ya awamu kunauma. Ila tarehe hizo zisikufunge, maana awamu moja ikipita inakuja nyingine. Kama umeshaanza kukosa usingizi na una akiba ya miezi kadhaa, toka, hata kama hujapata kwingine.