Des Moines: kituo kipi kinarusha mtandao upi

Ndugu, umeuliza kwa nini hapa Des Moines, Iowa, huoni chaneli iliyoandikwa NBC au ABC tu. Ni kwa sababu hiyo ni mitandao ya televisheni ya kitaifa, na kila mji una kituo chake kinachorusha vipindi vya mtandao kwa mkataba. Habari za mji, hali ya hewa na tahadhari za kimbunga ni kazi ya kituo chenyewe.

CBS iko KCCI, chaneli 8. NBC ni WHO, 13. ABC ni WOI, 5, na Fox ni KDSM, 17. Iowa PBS, televisheni ya umma, ipo 11. Wekea watoto hiyo, haina matangazo ya biashara katikati ya vipindi.

WOI ina historia ya pekee: ilianza kurusha mwaka 1950 ikiwa mali ya Chuo Kikuu cha Iowa State kilichopo Ames, kikaiuza mwaka 1994. Chuo kumiliki kituo cha mtandao wa kibiashara ni jambo la nadra sana.

Zote hizo ni bure kwa antena, usilipie kebo kwa ajili yake. Ila chagua antena inayonasa VHF (masafa ya chini ya mawimbi ya televisheni) vizuri, maana KCCI na WHO zinarusha huko, na zile bapa za kubandika dirishani mara nyingi huzikosa. Ukishaifunga, tafuta chaneli upya kwenye menyu ya televisheni.