Wasomaji wanauliza: Sindano za filgrastimu nyumbani

SWALI: Mama anatibiwa saratani ya titi katika Taasisi ya Saratani ya Uganda, Mulago. Baada ya dripu ya kemo tumepewa sindano 5 za filgrastimu za maikrogramu 300, tumchome nyumbani Arua. Nizisafirishe vipi kwa basi? Na mbona tumeambiwa tusianze leo leo?
Msomaji, Arua

JIBU: Pole kwa kuuguza. Kemo, yaani dawa za kuua saratani, huua chembe za mwili zinazogawanyika upesi, na filgrastimu huuchochea uboho kugawanya chembe upesi ili nyutrofili, chembe nyeupe zinazopigana na bakteria, zipatikane kwa wingi. Ukichoma leo, chembe changa zitazaliwa kemo ikiwa bado mwilini, zife. Subiri angalau saa 24 baada ya dripu. Hata dripu ijayo, saa 24 kabla yake usichome.

Dawa hii ni protini, hutengenezwa kwa bakteria waliotiwa jeni ya binadamu, na huharibiwa na joto, kuganda na kutikiswa. Itunze kati ya nyuzi 2 na 8. Safarini tumia kikasha cha baridi, barafu uizungushie kitambaa kinene isigusane na sindano, na kikasha ukipakate. Usikiweke kwenye buti la basi. Wengi huogopa joto tu, wakasahau kwamba barafu nayo huharibu. Nyumbani iwe katikati ya friji, mbali na friza. Umeme ukikatika, andika saa. Kuna chapa zisizotakiwa kukaa nje zaidi ya saa 24, kwa hiyo soma karatasi iliyomo boksini.

Itoe nusu saa kabla ya kuchoma. Usiipashe kwa maji moto wala juani. Ikiwa na ukungu au chembechembe, usiitumie. Nawa mikono, finya ngozi ya pajani au tumboni, sentimita 5 kutoka kitovuni, uchome chini ya ngozi. Kesho badilisha mahali, saa iwe ileile.

Mgongo na nyonga vinaweza kumuuma, uboho unafanya kazi. Parasetamoli husaidia, ila mpime joto kwanza, maana huificha homa. Joto likifika nyuzi 38, usimpe dawa ya malaria mkasubiri kesho. Nenda hospitali saa ileile, hata usiku, useme yuko kwenye kemo: malaria ipimwe, lakini antibiotiki za mshipani zisingoje. Filgrastimu hufupisha siku za upungufu, haizuii kila maambukizi, na nyutrofili zikiwa chini ya 500 kwa maikrolita bakteria wanaweza kuua kwa saa chache.

SWALI: Baada ya sindano 2 vipimo vimeonyesha nyutrofili zimepanda sana. Niache zilizobaki?
Msomaji, Jinja

JIBU: Usiache. Hizo ni akiba ya uboho iliyomwagwa kwenye damu. Kwa kawaida kemo huzishusha zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, na ukiacha mapema zitaporomoka. Daktari ndiye atakayesimamisha, nyutrofili zikishapita kipindi hicho cha kushuka na kupanda tena. Ila ukipata maumivu makali ya ubavu wa kushoto juu, au ya bega la kushoto, usichome nyingine. Wahi hospitali, bandama inaweza kupasuka. Na kama una selimundu, mwambie daktari leo, kwani dawa hii inaweza kuanzisha shambulio kali.